Nimeipasua, nimeipika, imeungana: epoksi ya salfa inayojiponya kwa joto

Kwa wasio na muda wa kusoma yote: resini hii (gundi inayoganda kuwa plastiki ngumu) inajiponya kweli, lakini inajiponya ndani ya presi yenye digrii 200, si juani wala mbele ya draya ya nywele. Kama karakana yako haina presi ya moto, au vipande unavyotengeneza haviwezi kuingia humo, acha. Kama unayo, na riziki yako inatokana na vipande vidogo vinavyoanguka na kugongwa kila wiki, tuendelee.

Kazi yangu ni nyuzi za kaboni: mikono ya droni, mabano ya kamera, vifuniko vya mota. Mkono wa droni ukigonga ukuta, mara nyingi nyuzi hazikatiki. Kinachokufa ni resini iliyo katikati ya tabaka. Nje unaona alama ndogo ambayo mteja hataiona kabisa, ndani tabaka mbili zimeachana, na kuanzia siku hiyo mkono unanesa na picha zinatoka zikitetemeka. Kwa epoksi ya kawaida tiba ni kutupa. Wapo wanaotoboa tundu na kuingiza gundi kwa sindano, nami nimefanya hivyo kwa miaka. Shida ni kwamba gundi inakwenda inakotaka yenyewe, na huna namna ya kujua kama imefika mwisho wa ufa au imeishia mlangoni.

Nilichonunua ni epoksi ya sehemu mbili. Sehemu ya kwanza haina jipya, ni resini ileile ya bisfenoli A ambayo kila fundi ameishika. Mambo yote yamo kwenye sehemu ya pili. Kigumushi chake ni unga wa manjano, aina ya amini ambayo katikati ya molekuli yake kuna atomi mbili za salfa zilizoshikana. Wanakemia huiita aminofenili disulfidi. Jina la muuzaji silitaji. Karatasi yake ya maelekezo nitaisema vibaya hapa chini, na isitoshe ninachokipima ni kemia, si nembo ya mtu.

Ili tathmini hii ieleweke, inabidi kwanza tukumbushane kwa nini epoksi ya kawaida haiponi. Ikishakauka, minyororo yake yote imefungwa ubavu kwa ubavu kwa vifungo vya kudumu, kiasi kwamba kipande kizima ni kama molekuli moja. Ukikipasha moto kinalainika kidogo, ukizidisha kinaungua, na hapo katikati hakuna hatua ya kuyeyuka. Ndiyo tabia ya familia nzima ya plastiki zinazoganda bila kuyeyuka tena, tangu Leo Baekeland alipotengeneza ile iitwayo bakelaiti mwaka 1907, na ndiyo sababu tunaipenda: haitiririki, haitambai, haisahau umbo. Ufa ukiingia, vifungo vilivyokatika vimekatika.

Salfa inabadilisha hapo tu. Kifungo kati ya atomi mbili za salfa ni dhaifu kuliko vile vinavyoizunguka, na zaidi ya hapo kina tabia ya kubadilishana: jozi moja ikikutana na jozi nyingine zinaweza kupeana wenza, na ukihesabu baada ya hapo idadi ya vifungo ni ileile. Katika polima laini, yaani dutu za minyororo mirefu ya molekuli, ubadilishanaji huu hutokea hata bila kupasha moto. Watafiti wa CIDETEC, kituo cha utafiti nchini Hispania, walionyesha mpira wa yurea na yurethani uliokatwa vipande viwili, ukaachwa umegusana kwenye joto la kawaida la chumba, ukaungana. Kwenye epoksi ngumu hali ni tofauti kwa sababu minyororo imeganda. Salfa iko tayari lakini haiwezi kumfikia jirani yake. Kwa hiyo joto hapa lina kazi ya kuifungua minyororo ipate kusogea. Resini yangu, kwa mujibu wa karatasi yake, inalainika karibu na digrii 130. Chini ya hapo ni epoksi kama epoksi. Juu ya hapo, hasa ukifika 200, inaanza kutiririka polepole sana huku ikiwa bado imefungamana.

Hili la kutiririka bila kufunguka ndilo lililonifanya niichague badala ya ndugu zake, na wapo kadhaa. Mkongwe wa mjadala huu ni ile epoksi ya vidonge ya Chuo Kikuu cha Illinois, iliyochapishwa na Scott White na wenzake mwaka 2001: ndani ya resini kuna vidonge vidogo sana vyenye kimiminika, ufa unavipasua, kimiminika kinakutana na kichocheo na kuganda. Walirudisha hadi asilimia 75 ya ukakamavu wa mwanzo, na hakuna joto lililohitajika. Lakini kidonge kikishapasuka kimekwisha. Mahali hapo hakuna dawa ya pili. Droni haigongi ukuta mara moja tu maishani.

Mwaka uliofuata kundi la Fred Wudl, Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likaja na njia ya joto. Wao walitumia mmenyuko ambao Otto Diels na Kurt Alder waliueleza mwaka 1928 na kupewa Nobel ya 1950: molekuli za aina mbili, furani na maleimidi, hushikana zikiwa na joto la wastani na kuachana zikipata joto zaidi. Polima yao ilikuwa ngumu, angavu, na baada ya kuvunjwa, kupashwa moto na kupozwa ilirudisha wastani wa takriban asilimia 57 ya nguvu ya kuvunjika, halafu ikaweza kuvunjwa tena na kuponywa tena. Ni kemia nzuri mno, lakini mimi sitaki vifungo vya bano langu vianze kuachiana kwa wingi kuanzia digrii 120, kwa sababu vikiachiana vya kutosha kipande kinaacha kuwa kipande. Halafu maleimidi zikikaa motoni muda mrefu huanza kushikana zenyewe kwa zenyewe, na kila inayofanya hivyo haitapatikana kwa uponyaji ujao.

Mwaka 2011 Ludwik Leibler na wenzake wa ESPCI, chuo cha sayansi cha Paris, wakaonyesha epoksi ambayo vifungo vyake vya esta hubadilishana kwa msaada wa kichocheo cha zinki. Humo ndimo wazo la kutofungua chochote lilipokaa vizuri: hakuna kifungo kinachoondoka kabla kingine hakijashika nafasi, kwa hiyo hata ikiwa moto sana resini hailegei ghafla, inalainika taratibu kadiri joto linavyopanda, jinsi kioo kinavyofanya mkononi mwa mpuliza chupa. Epoksi yangu ya salfa ni binamu wa hiyo, na faida yake kwa fundi ni kwamba haihitaji kichocheo cha ziada. Unga wa manjano ni kigumushi na ni dawa kwa wakati mmoja.

Basi, tuje kazini.

Kuchanganya ni kero. Waliozoea kumimina chupa mbili, kukoroga na kupaka watachukia. Unga hauyeyuki kwenye resini baridi. Lazima upashe resini kama digrii 80, unyunyize unga kidogo kidogo na kukoroga hadi chembe zote zipotee. Ukiharakisha, chembe zinabaki na utaziona kwenye kipande kilichokauka kama nukta za manjano, na kila nukta ni mahali ambapo kigumushi kimekosekana jirani yake. Vaa glavu na barakoa, unga huu si wa kuvutwa puani. Mchanganyiko ukiwa tayari unakuwa mzito, rangi ya asali, na unapenya kwenye kitambaa cha kaboni vizuri ilimradi ubaki na joto. Kukauka kwake pia ni kwa tanurini: saa mbili na nusu kwenye 120, kisha saa mbili kwenye 150. Hakuna njia ya kukausha mezani usiku kucha.

Na hiyo rangi ya asali haitoki. Wenye kutengeneza meza za mbao zenye mto wa resini angavu katikati, samahani, hii si yenu.

Kikishakauka, kipande hakina la kukitofautisha mkononi. Ugumu uleule, mlio uleule kikigongwa, msasa unakikata vilevile, drili inapita bila kumegua kingo. Niliweka vipande viwili kwenye meza, kimoja cha epoksi ya kawaida na kimoja cha hii, nikamwambia mwenzangu wa karakana achague. Alichagua kwa kubahatisha na akakiri kwamba amebahatisha. Kwangu hiyo ni sifa kubwa: sikulazimika kubadilisha unene, wala idadi ya tabaka, wala mchoro.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mikwaruzo, kwa sababu ndilo kila mtu analotaka kuliona. Nilimimina bamba la resini tupu, nikalichora kwa ncha ya wembe, nikalipuliza kwa mashine ya hewa moto. Mistari miembamba ililegea na kupungua, mistari ya kina ikabaki. Hapa ndipo matangazo na ukweli huachana. Joto linaipa minyororo ruhusa ya kusogea, halisukumi ukuta mmoja wa ufa uende kuufuata mwenzake. Kama kuta hazigusani hakuna salfa itakayoruka pengo. Nikalichukua bamba lilelile, nikaliweka kwenye presi kwenye digrii 200 chini ya shinikizo kwa dakika chache, nikalipoza likiwa bado limebanwa. Mistari ilitoweka, pamoja na ile ya kina. Nikiinamisha bamba dhidi ya taa sioni hata kivuli.

Ila niliona kingine: mikwaruzo ya sahani ya presi yangu, yote, imejichapa kwenye bamba. Resini inayotiririka hairudi kwenye uso wake wa zamani kwa kumbukumbu, inachukua uso wa kilichoigusa. Sahani ikiwa kioo, utapata kioo. Na inapenda kushika chuma, maana hiyo ni epoksi, na epoksi moto ni gundi. Tumia filamu ya poliimidi, plastiki inayostahimili moto, juu na chini, mpya, isiyo na mikunjo. Karatasi ya maelekezo haisemi neno lolote kuhusu filamu. Mtu atakayeifuata neno kwa neno atakuwa na kazi ya kubandua bamba kwa patasi.

Jaribio la pili ndilo lililonifanya niandike. Nilikata vipande vya kaboni vya kupimia, vingine nikavipiga nyundo ya mpira kwa nguvu ya wastani, vingine nikavipiga kwa hasira. Mahali pa pigo palionyesha alama ya kijani. Sikushtuka kwa kuwa jambo hili limeandikwa, watafiti walewale wa CIDETEC walilieleza mwaka 2016: vifungo vya salfa vikivunjwa kwa nguvu, kila upande unabaki na salfa yenye elektroni isiyo na mwenza, na hizo ndizo zinazoonekana kijani. Kusoma ni kusoma na kuona ni kuona. Resini inakuonyesha mahali ilipoumia! Kwa kaboni, ambayo ni nyeusi na inaficha kila kitu, hii peke yake ina thamani ya kopo zima. Angalizo: rangi hufifia yenyewe kadiri saa zinavyopita, na ukipasha moto hufifia haraka zaidi, kwa hiyo kagua kipande siku kilipoanguka na utumie taa nzuri, maana juu ya kaboni inaonekana hasa pale ambapo resini ni nene kidogo usoni au imemeguka. Usiitegemee ikutajie ukubwa wa jeraha lililo ndani.

Kwa jeraha la ndani nilitumia njia ya sarafu: unagonga kipande kwa ukingo wa sarafu hatua kwa hatua, na unasikiliza. Palipo pazima panalia kwa sauti kali, fupi. Palipoachana panalia butu, kana kwamba kuna karatasi chini. Nikazungushia chaki eneo lote la sauti butu, nikapeleka kwenye presi, digrii 200, filamu juu na chini, shinikizo la kutosha kubana tabaka bila kukamua resini pembeni. Baada ya kupoa nikagonga tena ndani ya mduara wa chaki. Sauti imerudi. Kwenye vipande vilivyopigwa kwa wastani sikuweza kupata mpaka wa eneo la zamani, na nilipovilaza juu ya vyuma viwili na kuvining'inizia uzito katikati, vilipinda kiasi kilekile na vile ambavyo havijawahi kuguswa.

Vile vilivyopigwa kwa hasira ni habari nyingine. Sauti ilirudi, sura ikarudi, uzito ukavisaliti: vilipinda zaidi, na kimoja kikalia kwa mlio wa kukatika kabla ya kufika nusu ya mzigo. Nyuzi zilikuwa zimekatika. Resini inajiunga yenyewe, haiungi kaboni. Hapa ni pa kuwa makini kuliko pote, kwa sababu kipande kilichoponywa ni kizuri machoni na sauti yake ni safi, ilhali nguvu yake imeondoka na nyuzi. Kanuni ninayofuata ni hii: kabla ya kuponya, kagua uso kwa lenzi, na pitisha kidole chenye glavu, ukiona au ukihisi nyuzi zilizosimama, kipande hicho si cha kubeba kitu tena hata kama presi imekirembesha.

Ufa wenye uchafu pia haufungi. Kipande kilichokaa siku nyingi baada ya kupasuka, kikaingiwa na mafuta ya mota na vumbi, kilitoka kwenye presi na sauti ya nusu kwa nusu. Kingine cha aina hiyo nilikiosha kwanza kwa spiriti na kukikausha tanurini kwa joto dogo, kikaja vizuri zaidi ingawa si kikamilifu. Jeraha bichi ndilo linaloungana.

Kuhusu kurudia: nimeponya mahali palepale zaidi ya mara moja, na ahadi ya kurudiarudia ni ya kweli kwa kiasi ninachoweza kupima kwa vyuma viwili na mawe ya mizani. Kinachobadilika ni rangi, kutoka asali kwenda kahawia, na kila kikao cha presi huacha harufu hafifu ya salfa. Digrii 200 kwenye hewa si mahali pa kukaa. Resini huoksidika kila inapopita hapo. Kwa hiyo dakika chache ziwe chache kweli. Kukiacha kipande humo wakati wewe unakunywa chai ni kukizeesha bure.

Hapa nina ugomvi na karatasi ya maelekezo. Inasema “pasha hadi digrii 200” na kunyamaza. Digrii 200 za wapi? Sahani ya presi inaweza kusoma 200 huku katikati ya kipande kinene pakiwa bado chini sana. Wengi wana kipimajoto cha mionzi cha kuelekeza tu, na juu ya chuma kinachong'aa kifaa hicho husoma chini ya ukweli, kwa sababu chuma king'aavu hutoa mionzi michache kuliko kinavyodhani. Mtu ataongeza moto ili kuifikia namba na atachoma kipande. Weka thamokapo, kipimajoto cha kugusa, yenye waya mwembamba kando ya kipande chenyewe, ndani ya presi, na uanze kuhesabu dakika pale hiyo inaposema 200. Shinikizo nalo halikutajwa kwa namba. Nilianza dogo nikapandisha hadi resini ikaanza kutokeza ukingoni, nikarudi nyuma kidogo. Hiyo ndiyo alama yangu.

Sasa kuhusu ndoto ya kuponya kitu kizima bila kukifungua. Isahau. Mkono wa droni una bushi za skrubu za alumini zilizogandishwa ndani. Alumini hutanuka kwa joto kuliko kaboni, na resini ikiwa imelegea bushi hizo zinahama. Vipande vyenye povu la PVC katikati haviwezi kufika hata karibu na joto hilo, povu litalala kabla resini haijaamka. Rangi, stika, waya, gundi nyingine yoyote, vyote vitoke kwanza. Na umbo lililopinda linahitaji kalibu yake lirudishwe humo, vinginevyo presi bapa italinyoosha, maana resini iliyolegea kiasi cha kuziba ufa imelegea pia kiasi cha kupoteza mkunjo. Ukitupa kalibu zako baada ya kutengeneza, umetupa na hospitali.

Hili la kupoteza mkunjo lina upande wake wa pili ambao wauzaji hawapendi kuuzungumzia. Ubadilishanaji uleule unaoponya ndio unaoruhusu kipande kutambaa chini ya mzigo kikiwa moto. Kwenye joto la kawaida sikuona tofauti. Lakini bano lililobanwa karibu na mota inayochemka, likakaribia ile 130 huku limebeba uzito, litajipinda polepole na halitarudi. Epoksi ya kudumu katika nafasi hiyo ingelainika kidogo na kurudi ilipokuwa ikipoa. Vifuniko vya mota, kwa hiyo, sivitengenezi kwa hii.

Nimeulizwa mara nyingi tofauti yake na ile filamu ya kubandika kwenye magari, ambayo mikwaruzo yake hupotea ukiimwagia maji ya moto, au ile vanishi ambayo Nissan waliitangaza mwaka 2005, au mgongo wa simu ya LG G Flex ya 2013. Hizo ni bidhaa nzuri kwa kazi yake, ila hazifanyi jambo hili. Filamu hizo uso wake ni polima ya kunyumbuka iliyofungamana kwa vifungo vya kudumu. Brashi ikipita juu, uso haukatiki, unasukumwa tu na kubaki umebonyea. Joto linaulegeza, nao unarudi kwenye umbo uliofungamana nalo. Ndiyo maana maji ya moto yanatosha. Chukua kipande cha filamu hiyo, ukikate kwa wembe hadi vifungo vyenyewe vikatike, halafu umwage birika zima: mkato utabaki pale. Epoksi ya salfa ni kinyume chake kabisa, haina haraka na mkwaruzo mwepesi wa juujuu, lakini mahali palipokatika panaungana.

Kuna pia njia ya kuchanganya plastiki inayoyeyuka ndani ya epoksi ya kawaida, mathalani polikaprolaktoni, ambayo huyeyuka karibu na digrii 60. Ukipasha, inavuja ndani ya ufa na kuugandisha kama gundi. Kwa mtu asiye na presi na mwenye vipande visivyopata moto hiyo inaweza kuwa na maana kuliko hii. Unachopoteza ni ugumu, kwa sababu sehemu ya resini yako sasa ni plastiki laini.

Jambo moja ambalo sikulitarajia kulipenda: mabaki. Vipande vilivyoharibika, makombo ya resini yaliyobaki kwenye kikombe, nilivisaga na kuvirudisha kwenye presi, unga ukawa bamba tena. Si bamba la kubebea mzigo, limetumika kuwa vipande vya kuzuia meza isichubuke, lakini epoksi ya kawaida iliyosagwa hubaki unga milele. Inasemwa pia kwamba unaweza kuiyeyusha resini yote kwa kemikali za thioli na kuzitoa nyuzi zikiwa nzima, na kemia yake ni sahihi kabisa, thioli hupokonya salfa mwenza wake. Mimi sitafanya. Aliyewahi kunusa thioli haulizi kwa nini.

Nani anunue, basi. Mwenye presi, kalibu zake bado anazo, vipande vyake ni vidogo, bapa au karibu na bapa, havikai motoni, na vinavunjika kwa kuachana tabaka. Mwenye mabawa makubwa, mashua, au chochote chenye povu, asubiri. Anayetaka uso usiochubuka anunue filamu. Ni resini ghali kuliko ya kawaida, na kama unachokitengeneza ni rahisi kukitengeneza upya, hesabu haitakubali.

Kwa muuzaji, kama unasoma: andika joto la kipande na si la sahani, andika shinikizo, taja filamu, na kwenye karatasi yako ondoa picha ya mtu aliyeshika mashine ya hewa moto. Mimi kopo la pili nimeshaagiza, kwa ajili ya mabano ya kamera na mikono ya droni. Vifuniko vya mota vinabaki kwenye epoksi ya zamani.